Je, Wajua? Tumbo la Kampala, kutoka Mulago hadi Leicester

Je, wajua kwamba hoja iliyoifanya dunia ihesabu nyuzinyuzi kwenye mkate wake ilichipukia kwenye kilima cha Mulago, hapa Kampala? Mwenye hoja aliitwa Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Enniskillen, Ireland, aliyebaki na jicho moja tangu akiwa na miaka 11. Aliingia Uganda mwaka 1946, akaanzia Lira, na mwaka 1948 akahamia Mulago. Wengi wanamjua kwa saratani ya taya za watoto aliyoieleza mwaka 1958, ambayo hadi leo inabeba jina lake. Sifa hiyo imeifunika nyingine: Burkitt alikuwa na kipaji cha kuona kisichokuwapo. Mulago alipasua ngiri na matumbo yaliyojisokota hadi akachoka, lakini kidole tumbo kilichovimba kilikuwa nadra, na vile vifuko vya utumbo mpana vilivyojaza wodi za London hakukutana navyo ila kwa bahati.

Je, wajua kwamba aliyemtangulia kuliona hilo alikuwa mwenzake wa Mulago, Hugh Trowell? Huyu alifika Afrika ya Mashariki mwaka 1929, akafanya kazi kubwa juu ya kwashiakoo, na mwaka 1960 akachapisha kitabu kizima kuhusu maradhi yasiyo ya kuambukiza Afrika. Sehemu tamu ya kitabu hicho ni orodha ya magonjwa ambayo Waafrika wa wakati ule hawakuwa nayo, au walikuwa nayo kwa nadra sana.

Je, wajua choo chako kina uzito gani? Usicheke. Mwaka 1972 Burkitt, pamoja na Alec Walker wa Afrika Kusini na Neil Painter wa London, walichapisha majibu katika jarida la Lancet. Waliwamezesha watu vipande vidogo vya plastiki vinavyoonekana kwenye eksirei, wakawapa mifuko ya kuwekea haja kubwa, kisha wakapiga picha mifuko yenyewe ili kujua vile vipande vimechukua muda gani kutoka mdomoni hadi mwisho wa safari. Wanamaji wa Uingereza na wake zao: saa 83 hivi, na gramu 104 kwa siku. Wanakijiji wa Uganda: saa 36 hivi, na gramu 470. Mara nne na nusu, na chanzo chake, walidai, ni nyuzinyuzi za chakula! Burkitt alipenda kuwaambia wasikilizaji wake kwamba nchi yenye vinyesi vidogo italazimika kujenga hospitali kubwa.

Sasa subiri kidogo kabla hujakimbilia pumba. Hoja ya Burkitt ilihusu tumbo zima lililo salama, na namna ya kulinda usalama huo. Kolaitisi ni jambo lingine: utumbo mpana umekwisha kuvimba, ukuta wake wa ndani ni mwekundu na una michubuko. Mtu mwenye kidonda mguuni humwambii akimbie kwa sababu mbio ni nzuri kwa afya. Na mimi ambaye tumbo langu linanisumbua mwaka wa tisa sasa, nimelipia somo hilo kwa mahindi ya kuchoma.

Je, wajua kwamba kolaitisi si jina la ugonjwa mmoja? Maana yake ni uvimbe wa utumbo mpana, basi. Waganda wanasema ekiddukano ky'omusaayi, sisi tunasema kuhara damu, lakini majina yote haya yanataja kinachoonekana chooni tu. Nyuma yake panaweza kuwa na amiba, bakteria wa shigela, kichocho cha tumbo, kifua kikuu cha matumbo, au ile kolaitisi ya vidonda ambayo kinga ya mwili yenyewe inaushambulia utumbo bila mdudu yeyote kuitwa. Wavuvi wa Ziwa Albert na wa visiwa vya Ziwa Victoria wanajua habari ya kichocho, na Uganda imekuwa ikigawa dawa za kukitibu kwa mpango wa taifa tangu mwaka 2003.

Je, wajua kwa nini tofauti hiyo ni suala la uhai? Kwa sababu dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine. Kolaitisi ya vidonda ikichachamaa hutulizwa kwa prednisoloni, dawa inayoishusha kinga. Mpe dawa hiyo mtu mwenye amiba, na amiba wanaweza kutoboa utumbo. Kinyume chake ndicho kilichonipata mimi. Katika zahanati moja ya mjini, ambayo sitaitaja, nilipewa metronidazoli, dawa ya amiba, mara tatu katika miezi mitano. Hakuna aliyeomba choo changu kitazamwe kwa hadubini. Kila mara nilipata nafuu ya siku nne au tano, nikashukuru, kisha damu ikarudi. Mara ya nne nilikwenda kwingine, nikawekwa kamera, na daktari akanionyesha kwenye skrini ukuta wa utumbo wangu: mwekundu kama nyama ya buchani, umeanzia njia ya haja na kupanda juu bila kuacha nafasi. Hakukuwa na mdudu.

Je, wajua kwamba mwaka 1966 wagonjwa Waafrika wanne tu walitosha kuwa habari? J. R. Billinghurst na J. M. Welchman waliandika ripoti yao katika British Medical Journal: kolaitisi ya vidonda kwa Mwafrika, watu wanne. Wakati huo ugonjwa ulikuwa umekwisha kuelezwa Uingereza kwa zaidi ya miaka 100, tangu Samuel Wilks mwaka 1859. Sehemu ya uhaba ule bila shaka ilikuwa uhaba wa kamera. Ukikosa kutazama ndani, kila anayehara damu ni wa amiba. Lakini si yote.

Maana je, wajua kilichowapata Wahindi wa Kampala walipofika Leicester? Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka. Baraza la jiji la Leicester lilifikia kulipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasiende huko, nao wakaenda kwa maelfu. Miaka ilipopita, madaktari wa Leicester wakakaa na majalada ya hospitali ya tangu mwaka 1972 hadi 1989 na kuhesabu. Katika ripoti yao ya mwaka 1992, watu wenye asili ya Asia Kusini walikuwa wanapata kolaitisi ya vidonda karibu mara mbili ya Wazungu wa mji uleule, na hesabu za baadaye zikaonyesha kwamba watoto wao waliozaliwa Uingereza hawakuwa salama zaidi. Damu ni ileile na majina ni yaleyale. Kilichobadilika ni mahali: chakula, maji, baridi, usafi wa kupindukia, dawa za kuua bakteria utotoni. Hakuna aliyekwisha kusema ni kipi hasa kati ya hivyo. Nikipita Kampala Road na kuona foleni ya watu mbele ya kuku wa kukaanga na chipsi, huwa nawaza kwamba siku hizi hatuhitaji hata kufukuzwa. Leicester imetufuata hapa.

Je, wajua kwamba seli za utumbo mpana hazilishwi na damu peke yake? Zinakula kutoka upande wa ndani pia. Bakteria wazuri wakipata wanga na nyuzinyuzi ambazo sisi tumeshindwa kuzimeng'enya, wanazichachusha na kutoa asidi iitwayo butireti, na hiyo ndiyo kuni kuu ya seli zile. Mtafiti aitwaye Roediger alilionyesha hilo mwaka 1980, akadai pia kwamba utumbo wenye kolaitisi ni kama jiko lililonyimwa kuni. Madai yake yanajadiliwa hadi sasa.

Na je, wajua nani anayewaletea bakteria hao kuni? Matoke! Nenda soko la Kalerwe, chini tu ya kilima cha Mulago, saa moja asubuhi. Mama ninayenunua kwake humenya kidole cha ndizi kwa mikwaruzo minne ya kisu kidogo, bila kutazama, huku utomvu umemkausha vidole hadi vimekuwa vyeusi. Ndizi zinafungwa ndani ya majani ya mgomba kwa kamba ya gome kavu, bahasha inakalishwa juu ya vikonyo chini ya sufuria ili isiguse maji, zinapikwa kwa mvuke, kisha zinabinywa kwa mikono juu ya majani hadi zimelainika, na kurudishwa motoni. Mtu mwenye tumbo bovu hawezi kupata chakula kilichoandaliwa kwa huruma kuliko hicho: hakina ganda, hakina mbegu, hakina mafuta, laini kama cha mtoto mchanga. Ndizi mbichi ina wanga mgumu kwa wingi. Kuipika kunaupunguza, kuiacha ipoe kunaurudisha kiasi, ingawa ukimwambia Muganda ale matoke baridi atadhani una ugomvi naye.

Mjini Dhaka, Bangladesh, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba watoto wenye kuhara kusikokoma waliopewa wali uliochanganywa na ndizi mbichi zilizopikwa walipona haraka kuliko waliopewa wali mtupu. Wale walikuwa watoto wa kuhara, si wagonjwa wa kolaitisi, kwa hiyo tusivute shuka likapasuka. Lakini daktari wangu alipoulizwa nile nini siku mbaya, alianza na matoke.

Je, wajua kwamba nyuzinyuzi zina makabila mawili? Moja linayeyuka majini na kuwa kama uji mzito: limo kwenye ndizi, malenge, karoti, viazi vitamu, shayiri. Hilo ni la amani. Jingine ni gumu, linapita kama fagio: ganda la maharage, punje ya mahindi, kabichi mbichi, mbegu za pasheni, ufuta mzima. Tumbo likiwa limetulia, karibisha makabila yote mawili, tena kwa wingi, pamoja na mboga za nakati na dodo na kalo ya ulezi. Tumbo likiwaka, fagio likae nje. Wenzetu wa Tooro wana mboga iitwayo firinda, maharage yaliyolowekwa, yakavuliwa maganda moja moja na kupondwa. Kazi yake ni ya kutwa nzima, ndiyo maana huliwa kwa heshima. Mimi naiita dawa, na shemeji yangu wa Fort Portal ananiona mchoyo wa sifa.

Je, wajua kwamba kuna bakteria aliyetoka tumboni mwa askari akawa dawa? Mwaka 1917, vita vikiendelea, Alfred Nissle wa Freiburg, Ujerumani, alijiuliza kwa nini askari mmoja hakuharisha hata kidogo ilhali wenzake walikuwa hoi. Akamtoa bakteria fulani kwenye choo chake. Bakteria huyo bado anauzwa Ulaya, na majaribio yaliyofuata yamemkuta akizuia kolaitisi ya vidonda isirudi kwa kiwango kinachokaribiana na mesalazini, dawa ya kawaida ya ugonjwa huo.

Hapa kwetu tuna bongo, maziwa yaliyoganda, na obushera wa Kigezi na Ankole, uji wa mtama au ulezi uliochachushwa. Wapo pia watengenezaji wadogo wa mtindi nchini Uganda wanaotumia bakteria aitwaye Lactobacillus rhamnosus yoba 2012, pacha wa bakteria aitwaye GG anayejulikana duniani kwa kupunguza kuhara kwa watoto. Kwa kolaitisi ushahidi wao bado ni mwembamba. Vinywe kwa kuwa ni chakula kizuri, na kwa sababu nyingine moja.

Nayo ni hii: je, wajua kwamba Waafrika wengi watu wazima hawamudu sukari ya maziwa mabichi, ila jamii za wafugaji kama Wahima? Tumbo linajaa gesi, linakoroga, unakwenda chooni mbio, na unaapa kolaitisi imerudi. Maziwa yakiganda, bakteria wamekwisha kukulia sehemu ya ile sukari.

Je, wajua kwamba manjano yamefika maabara? Mwaka 2006 madaktari wa Japani waliripoti jaribio la wagonjwa 89 ambao kolaitisi yao ilikuwa imetulia. Wote waliendelea na dawa zao. Nusu wakaongezewa kurkumini, kiini cha manjano, gramu moja asubuhi na moja jioni kwa miezi sita. Walioongezewa walirudiwa na ugonjwa mara chache zaidi. Lakini soma tena sentensi ya tatu: waliendelea na dawa zao. Na gramu mbili za kurkumini si kijiko cha manjano kwenye mchuzi, kwa sababu kiini hicho ni sehemu ndogo ya unga wote. Anayekuuzia kopo la unga pale soko la Owino akikuhakikishia utaacha vidonge, nunua kwa ajili ya pilau.

Je, wajua utafiti unasema nini juu ya nyama ya mchomo? Mwaka 2004 watafiti wa Newcastle, Uingereza, walichapisha habari za wagonjwa 191 waliofuatwa kwa mwaka mmoja. Waliokula kwa wingi nyama, hasa nyekundu na ya viwandani, na waliokunywa pombe zaidi, walirudiwa na ugonjwa zaidi. Washukiwa ni viambata vya salfa. Habari ngumu kwa mji ambao Ijumaa jioni hunukia mbuzi. Mimi sikuacha, nimehamia sangara na sato, na mbuzi nampa mwisho wa mwezi.

Je, wajua kwamba panya waliwahi kupata kolaitisi kwa kulishwa vile vinavyofanya aiskrimu isigawanyike mafuta na maji? Ilikuwa mwaka 2015, katika jarida la Nature. Panya si watu. Hata hivyo tangu hapo nasoma nyuma ya pakiti.

Je, wajua kwamba sokwe nao wana mganga wao wa tumbo? Mwaka 1987, katika milima ya Mahale, magharibi mwa Tanzania, Michael Huffman na mwenyeji wake, Mohamedi Seifu Kalunde, walimwona sokwe jike mgonjwa akimenya matawi ya mjonso na kunyonya kiini chake kichungu. Siku iliyofuata alikuwa amechangamka. Kalunde aliujua mti ule. Watu wake Watongwe walikuwa wakiutumia kwa matumbo. Waganda wanauita mululuza, na hakuna bibi Buganda asiyekuwa nao uani. Uzuri wake ulioshuhudiwa kule Mahale ulikuwa dhidi ya minyoo. Kolaitisi ya vidonda haina minyoo ya kufukuza.

Tena je, wajua kwamba wapo waliowaza kinyume kabisa, yaani kuirudisha minyoo? Joel Weinstock na wenzake wa Iowa, Marekani, walijiuliza kama matumbo ya matajiri yamechanganyikiwa kwa kukosa wageni waliowazoea tangu enzi na enzi. Mwaka 2005 waliripoti kwamba wagonjwa wa kolaitisi walionyweshwa mayai ya mnyoo wa nguruwe walipata nafuu kuliko walionyweshwa dawa bandia. Kila mtu akasisimka. Majaribio makubwa yaliyofuata, mengi yakiwa ya ugonjwa wa jamaa yake uitwao Crohn, yakavunja moyo.

Na kwa wanaouliza habari ya kigagi, yaani aloe vera: utomvu wake wa njano unaharisha, kwa hiyo kaa nao mbali.

Je, wajua kwamba anayeacha sigara yuko hatarini zaidi kupata kolaitisi ya vidonda kuliko asiyewahi kuvuta? Ni moja ya vitendawili vya ugonjwa huu, na ule wa Crohn unakwenda kinyume: sigara huuchochea. Isiwe kisingizio. Mapafu nayo ni yako, na shisha Uganda ilipigwa marufuku na sheria ya mwaka 2015.

Je, wajua kwamba kidonge cha mgongo kinaweza kuliwasha tumbo? Diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kila duka la dawa kama peremende, zimo kwenye orodha ya wachokozi wa kolaitisi. Nilikaa nyuma ya bodaboda kutoka Ntinda hadi Nateete, mgongo ukaniuma, nikameza tatu. Wiki hiyo nilijuta. Parasetamoli ndiyo rafiki.

Je, wajua kwamba katika nusu ya kwanza ya mwaka 2015 zaidi ya watu 10,000 walishukiwa kuwa na homa ya matumbo hapa Kampala, na uchunguzi ukaishia kwenye maji machafu ya kunywa na juisi za mitaani zilizotengenezwa nayo? Mwenye kolaitisi akidakwa na mdudu wa nje, vita vinakuwa viwili kwa wakati mmoja. Chemsha maji. Juisi ya mitaa ya Kikuubo yenye barafu, hata jua likiwa kali vipi, iache ipite. Na ukiishiwa maji mwilini, dawa iko jikoni: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kupima bila kilima.

Je, wajua kwamba chai yako inakunyang'anya madini ya chuma? Anayetokwa na damu chooni kila siku, hata kidogo, huishia kuwa mweupe viganjani. Dodo na maini vinarudisha chuma, lakini chai ikiandamana na chakula inakizuia kisinyonywe. Ngoja saa moja ndipo unywe. Mukene, dagaa wetu wa ziwani, nao wana kazi: ukiwala na mifupa yao unapata kalisi, na prednisoloni hukondesha mifupa ya mtu kimyakimya. Wanaomeza salfasalazini, dawa nyingine ya kolaitisi, waongeze mboga za majani, maana dawa hiyo inabana ufyonzwaji wa foleti.

Je, wajua kwamba msongo wa mawazo hausababishi kolaitisi, lakini unajua kuiamsha? Na je, wajua msongo wa mwenye kolaitisi wa Kampala unafananaje? Ni teksi ya abiria 14 iliyokwama Wandegeya saa kumi na moja jioni, na tumbo limeanza kuzungumza. Ramani yangu ya mji haina barabara, ina vyoo. Najua duka kubwa ambalo askari wake hakuulizi unakwenda wapi. Najua choo cha kulipia karibu na Old Taxi Park ambacho dada wa mlangoni hunipa karatasi kwanza, pesa baadaye, maana alikwisha kuona uso wangu. Natoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro, kabla foleni haijafungana, nimelala mapema, na nimeandika daftarini nilichokula jana. Daftari hilo limenisaidia kuliko kitabu chochote cha mapishi: lilinifundisha kwamba karanga zilizopondwa za binyebwa hazinidhuru ilhali za kukaanga zinanimaliza, na kwamba pilipili ya kamulali kijiko kimoja ni salama Jumapili, si Jumatatu.

Je, wajua ni lini uache ndizi, manjano na daftari na kukimbia hospitali? Truelove na Witts wa Oxford waliliweka wazi mwaka 1955 na hesabu yao bado inatumika: haja kubwa yenye damu mara sita au zaidi kwa siku, pamoja na mapigo ya moyo yanayozidi 90 kwa dakika, au joto la mwili linalozidi nyuzi 37.8, au himoglobini ya damu iliyoshuka chini ya 10.5. Usisubiri kesho. Na hata ukiwa mzima wa kucheka, miaka minane tangu ugonjwa uanze, kamera inatakiwa irudi ndani kutafuta dalili za saratani.

Je, wajua kwamba rolex haina uhusiano na saa? Ni mayai yaliyoviringishwa ndani ya chapati, na jina limetokana na neno la Kiingereza la kuviringisha. Kijana anayeikaanga karibu na lango la chini la Mulago amenisoma miaka mingi. Jana nilisimama mbele ya kibanda chake, mafuta yakilia kwenye chuma, harufu ya vitunguu imeshika njia nzima.

"Ssebo, leo kabichi?"

"Hapana. Wala nyanya yenye mbegu."

"Mafuta kidogo?"

"Kidogo kabisa."

Akapiga mayai mawili kikombeni, akamwaga, akageuza, akaviringisha kwenye gazeti. "Hii si rolex," akasema, akinirudishia chenji. "Hii ni omleti iliyovaa koti."